Lamu ni karibu, njia ndiyo ndefu

Ukisimama Mnarani, juu ya jabali lililo upande wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi, mji wa Kilifi unauona kama ulio kiganjani. Unaona mapaa ya nyumba, unaona pikipiki zikipanda mlima, na upepo ukiwa upande wako waweza hata kusikia adhana kutoka ng'ambo. Katikati ni maji tu, maji ya kijani yaliyotulia, upana wake mita mia chache.

Hata hivyo, kwa miaka mingi mita hizo chache zilikuwa safari kamili. Aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alifika Mnarani akakuta foleni. Malori ya mkonge, mabasi ya abiria, magari ya watalii na mikokoteni, vyote vilingoja feri. Feri ikiharibika, mtu aliweza kuutazama mji wa Kilifi tangu asubuhi hadi jua kutua asiufikie. Watu walikula hapo hapo, wakalala hapo hapo, na wachuuzi wa korosho, mahamri na madafu wakapata riziki yao kwa subira ya wenzao.

Mwaka 1991 likafunguliwa daraja, lenye urefu wa takriban mita 420, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Tangu siku hiyo basi hulivuka kabla abiria hajamaliza kumenya chungwa. Watu wa Kilifi hawakusogea, wala Mnarani haikuhama. Lakini miji hiyo miwili ikawa karibu kwa namna ambayo babu zetu hawakuijua. Kule chini kwenye gati la zamani la feri, biashara ikanyauka, maana hakuna anayesimama kununua korosho mahali asipongoja kitu.

Nimeanza na hadithi ya Mnarani kwa sababu wanafunzi wengi wa mijini wanafundishwa umbali kwa rula. Wanaiweka juu ya ramani, wanapima sentimita, wanazidisha, na jibu limepatikana. Kwenye pwani yetu, hasa tunapoelekea kaskazini, rula hiyo ni mwongo mkubwa. Mfano mzuri ni miji miwili ambayo kila mtoto wa Pwani huitaja kwa pumzi moja: Malindi na Lamu.

Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa ndege wa Malindi hadi uwanja wa Manda unaohudumia Lamu ni takriban kilomita 140. Kwa barabara, kutoka Malindi hadi gati la Mokowe, ambako gari husimama na bahari kuanza, ni takriban kilomita 220. Tofauti ya kilomita 80! Na bado hujapanda mashua. Tukianzia hapa Mnarani, Lamu iko kama kilomita 190 kwa ndege anayeruka moja kwa moja, na karibu 280 kwa mtu anayeketi ndani ya basi.

Kilomita hizo 80 zinatoka wapi? Zinatoka Mto Tana. Mto huo, ambao ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, unapokaribia bahari hutawanyika ukawa matawi, mabwawa na nyika za matope. Barabara haithubutu kupita hapo. Inaiacha pwani, inapanda bara hadi Garsen, inauvuka mto, kisha inarudi tena kuelekea baharini kupitia Witu. Ni kama mtu anayezunguka shamba zima la jirani kwa sababu ya mbwa aliyelala mlangoni.

Zamani za upepo

Wazee waliojenga Mnarani hawakuwa na tatizo hilo la mto, kwa kuwa njia yao ilikuwa bahari. Mji huo uliishi tangu karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17. Leo yamebaki magofu ya misikiti miwili, kisima kirefu na makaburi, na mojawapo ya makaburi hayo lina nguzo ndefu ya mawe. Mnara huo ndio uliopapa mahali hapo jina. James Kirkman, aliyechimbua pia Gedi, alifanya kazi hapa katika miaka ya 1950, na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe ya msikiti mkubwa yangali yanawastaajabisha wageni. Ukipanda zile ngazi nyingi kutoka ufukweni hadi juu, utaelewa kwa nini walipachagua. Chombo chochote kinachoingia kutoka bahari kuu kilionekana mapema.

Kwa watu hao, Lamu haikuwa na umbali mmoja. Ilikuwa na umbali wa kaskazi na umbali wa kusi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na jahazi lililosheheni boriti za mikoko kutoka Lamu lilishuka nalo hadi Mombasa kwa siku moja au mbili. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia Aprili, na hapo ndipo wa kusini walipopata zamu yao ya kupanda. Nahodha aliyeondoka wakati usio wake angeweza kutweka na kutua tanga juma zima huku akitazama mnazi ule ule.

Vasco da Gama alijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyepewa hapo hapo Malindi, na tarehe 20 Mei akawa amefika karibu na Calicut, India. Siku 26 tu. Aliporudi hakungoja upepo. Aliiacha pwani ya India mapema Oktoba, wakati kaskazi haijaanza kuvuma sawasawa, na hakuiona nchi ya Afrika hadi tarehe 2 Januari 1499, alipotokea mbele ya Mogadishu. Ilikuwa bahari ile ile, maili zile zile, lakini miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye, na alipofika Malindi tarehe 7 Januari hakuwa na watu wa kutosha kuendesha meli zake zote. Baadaye moja ikachomwa moto.

Kwa hiyo mtu akikuambia Malindi na Calicut ziko mbali kiasi gani, muulize kwanza ni mwezi gani.

Barabara ya Garsen

Tuyaache majahazi, turudi kwenye basi. Ukishapita Malindi unavuka Mto Sabaki, kisha Mambrui na Gongoni, na upande wa bahari unaona mashamba ya chumvi yakimeta kama theluji ya kwenye picha. Baadaye miti inapungua, nyumba zinaachana, na mifugo inachukua barabara kana kwamba imelipia ushuru. Garsen ni kituo cha chai, mkojo na maulizo. Baada ya hapo ndipo safari yenyewe inapoanza.

Kwa miaka mingi kipande cha Garsen hadi Mokowe kilikuwa cha vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika. Mvua za El Niño za mwaka 1997 hadi 1998 ziliikata njia ya kaskazi ya pwani kiasi kwamba Lamu ilirudi kuwa kisiwa cha kweli, cha kufikiwa kwa bahari na anga peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ndipo kazi ya kutia lami ilipoanza kwa dhati, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 magari yakaanza kuteleza mahali yalipokuwa yakizama. Barabara ikiwa njema, sasa basi linaweza kutoka Malindi hadi Mokowe kwa saa nne hivi.

Ikiwa njema, nasema. Novemba 2023 mafuriko yaliifunika barabara hiyo ya lami sehemu za Gamba na Lango la Simba, na Mei 2024 yakarudia. Maji hayakuuliza lami imegharimu kiasi gani. Abiria wakavushwa kwa mashua, bei za unga na mboga zikapanda Lamu, na waliokuwa na safari wakarudi nyumbani na mizigo yao.

Na kuna jambo la pili ambalo rula haliwezi kulipima kabisa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, silaha zilienea mpakani, na majambazi wakaifanya njia ya Garsen hadi Lamu kuwa yao. Ndipo mabasi yakaanza kusafiri kwa msafara, yakisindikizwa na polisi. Mwaka 2014 mambo yakawa mabaya zaidi. Usiku wa tarehe 15 Juni mwaka huo mji wa Mpeketoni ulishambuliwa na watu wengi wakauawa. Kafyu ikatangazwa, safari za usiku zikapigwa marufuku. Tarehe 2 Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro, na watu wakapoteza maisha. Tangu hapo hali imekuwa ya kupanda na kushuka, lakini desturi ya kufika kabla ya giza haijawatoka wasafiri.

Nilisafiri njia hiyo nikiwa nimeketi karibu na bibi mmoja wa Lamu aliyekuwa amekumbatia kikapu cha maembe. Tulipokuwa tumekwisha kuvuka Tana nikamwuliza kwa adabu, "Bibi, tumebakisha kilomita ngapi?"

"Kilomita sizijui, mwanangu," akajibu. "Tukishapita Nyongoro nitampigia mjukuu wangu, aje anipokee gatini."

Abiria wote walikuwa vivyo hivyo. Kabla ya Nyongoro mazungumzo yalikuwa ya chini kwa chini. Tuliteremshwa, tukaonyesha vitambulisho, tukatembea hatua chache, tukapanda tena. Witu ilipoonekana, mtu akafungua mfuko wa visheti, redio ikaongezwa sauti, na mtoto aliyekuwa akinyamazishwa tangu Garsen akaachiliwa alie anavyotaka. Huko Witu, kwa taarifa ya wanafunzi, ndiko Sultani Ahmed, aliyejulikana kama Simba, alikojiwekea makao katika karne ya 19 akikimbia mkono wa Zanzibar. Yeye aliupenda mwitu huo kwa sababu hiyo hiyo inayowatisha abiria wa leo: si rahisi kumfuata mtu humo.

Anayetakiwa kufika leo

Kwa mtalii, haya yote ni masimulizi ya kwenda nayo nyumbani. Kwa familia za pwani ni jambo jingine. Kuna watu wa Lamu waliooa Mnarani, kuna vijana wa Lamu wanaosoma Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, kuna mabinti wa Faza na Siyu waliojenga maisha yao Malindi na Mombasa.

Chukua mfano wa binti kama huyo. Simu inalia saa kumi na moja alfajiri: mama amefariki dunia. Kwa desturi ya Waislamu mayiti hacheleweshwi. Akiaga alfajiri, huenda akazikwa adhuhuri au alasiri ya siku hiyo hiyo. Binti anatamani awemo miongoni mwa wanawake watakaomwosha mamake, amtazame kwa mara ya mwisho kabla sanda haijafungwa. Anatoka mbio hadi stendi ya Kilifi. Akibahatika kulipata basi la asubuhi, atafika Mokowe saa nane au saa tisa mchana, kisha boti. Familia kule Lamu inatazama saa, inamtazama imamu. Je, wangoje?

Simu hiyo ikilia saa sita mchana, jibu linajulikana. Basi la asubuhi limekwisha kupita, na njia ya usiku inatisha. Atafika kesho yake, akute matanga.

Sasa mtazame ndugu yake aliye na pesa, au aliyechangiwa na majirani. Anakwenda uwanja wa ndege Malindi au Mombasa. Kama kuna ndege na kama kuna kiti, nusu saa tu baada ya kuruka kutoka Malindi anakanyaga Manda. Watoto wa tumbo moja, msiba mmoja, lakini mmoja amewahi na mwingine hakuwahi. Katika hesabu za umbali sijaona kitabu kinachoeleza jambo hilo, nami nadhani ndilo lililo kubwa kuliko yote.

Mgonjwa naye yuko katika mizani hiyo hiyo. Mama mjamzito aliyepata matatizo usiku kisiwani, akahitaji hospitali kubwa ya Mombasa, barabara ya usiku inamtisha. Ana kungoja kuche au ana ndege ya kukodi, ambayo si ya mvuvi.

Hesabu ya angani

Wanafunzi watauliza: ikiwa ni kilomita 140 tu, mbona nusu saa? Ndege ndogo ya abiria ya aina ya Cessna Caravan huruka karibu kilomita 300 kwa saa. Gawanya, utapata dakika 28. Ndege kubwa kidogo kama Dash 8 huweza kukaribia kilomita 500 kwa saa, na kwa hesabu hiyo ingetumia dakika 17. Lakini haitumii 17. Ndege yoyote hupanda polepole, hushuka polepole, na hugeuka kuutafuta upepo kabla ya kutua, hivyo ile mbio yake kubwa huipata kwa muda mfupi tu katikati. Katika safari fupi kama hii, mwenye mbio humpita mwenzake kwa dakika chache. Isitoshe, kiwanja cha Malindi kina njia ya kurukia ya takriban mita 1,400, ambayo hazitoshi kwa madege makubwa, ndiyo maana hizo ndogo ndizo tunazozizoea.

Dakika hizo zote hujazwa na dirisha. Kwanza Sabaki inayomwaga matope mekundu baharini kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa. Kisha mabwawa ya chumvi, mraba kwa mraba. Kisha ghuba ya Ungwana, na baada yake delta ya Tana yenyewe, ile iliyolilazimisha basi kuzunguka. Kutoka juu ni kijani kitupu, nyoka wa maji waliojikunja, na ng'ombe wadogo kama punje za mtama. Mwaka 2012 delta hiyo iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zenye umuhimu. Kipini inapita, mdomo wa mto unapita, na kabla hujamaliza soda, visiwa vinatokea.

Lakini hata abiria wa ndege asijivune sana. Ahesabu na saa ya kwenda uwanjani, saa ya kungoja, na nusu saa ya mizigo. Anayetoka Mnarani lazima kwanza asafiri kilomita 60 hivi kwa barabara hadi Malindi, au kiasi kama hicho kurudi Mombasa. Na Manda si Lamu. Ni kisiwa jirani. Ukishuka kwenye ndege unatembea hadi kwenye gati, unaingia botini pamoja na sanduku lako, unavuka mkondo. Tajiri na maskini, waziri na mchuuzi, hakuna aliyewahi kufika mji wa Lamu bila kuvuka maji. Mnarani walipata daraja. Lamu hawana, na wako wengi kule wanaoomba wasipate kamwe, kwa kuogopa magari katika vichochoro vyao vya punda. Mji huo uliwekwa katika urithi wa dunia mwaka 2001, na ukivipita vichochoro hivyo utaona kwamba hoja yao si ya mzaha.

Kwa familia inayotaka kwenda likizo ijayo, ushauri wangu ni huu. Anzeni Mnarani asubuhi, watoto wapande zile ngazi na kuona magofu kabla jua halijakuwa kali. Laleni Malindi. Ulizeni ndege mapema, kwa maana ratiba za njia hii hubadilika kwa misimu, na mwezi mmoja kuna safari ambayo mwezi wa pili haipo. Mkichagua basi, pandeni la kwanza la asubuhi, kila mtu mzima awe na kitambulisho mfukoni si katika sanduku la chini, na ulizeni hali ya barabara siku moja kabla, hasa Aprili, Mei na Novemba. Mokowe mtakuta boti za abiria zinazovuka kwa robo saa hadi nusu saa. Watoto waketi katikati, mizigo ifunikwe turubai, na nauli ielewane kabla mguu haujaingia majini.